Msimu Mmoja Bila Bomba

Mama mkwe wangu haamini jambo lolote asilolikagua mwenyewe. Ukimwambia mvua imenyesha, atatoka nje kuhakikisha kama ardhi imelowa kweli. Ukimwambia mtoto ana homa, ataweka kiganja kwenye paji la mtoto, kisha kwenye lako, alinganishe. Wafanyakazi wamempa jina la Kamishna. Analijua, na nadhani analipenda, maana siku moja mkata maua mgeni alipomwita "mama" tu, alimtazama kama amemkanyaga mguu.

Tunalima mawaridi. Tuna grinihausi mbili ndefu za plastiki, chumba cha kupangia maua chenye meza ya bati, chumba cha baridi ambacho mlango wake haufungi mpaka uusukume kwa nyonga, na matangi manne ya maji ya mvua. Ninaposema "tuna", nina maana ya Kamishna, kaka yake mkubwa ambaye sote tunamwita Mjomba, mume wangu anayepeleka maua kwa gari, na mimi ninayepima urefu wa mashina na kuyafunga mabunda. Kwenye karatasi, hii ni kampuni ya familia. Ukikaa nasi wiki moja utaona ni Kamishna na watu anaowavumilia.

Mimi mwenyewe alinipa kazi kabla ya kunikubali. Siku niliyoletwa nyumbani kutambulishwa, nimevaa nguo yangu ya heshima na viatu vinavyobana, alinikabidhi kisu na waridi moja, akasema, "Kata." Nikakata. Akageuza kikonyo kwenye mwanga, akamwambia mwanawe, "Mkono hautetemeki. Sawa." Wengine huulizwa ukoo na dini. Mimi nilipita kwa kisu.

Mjomba ni mtu wa aina nyingine kabisa. Ni mpole, anapenda utani, na akicheka hufunga macho. Kwa miaka thelathini kazi yake shambani ilikuwa moja tu, kupuliza dawa. Alibeba bomba la lita kumi na sita mgongoni, akapita tuta kwa tuta asubuhi kabla plastiki haijapata moto, akiua utitiri wekundu. Hawa ni vidudu vidogo kuliko kichwa cha pini. Hukaa chini ya majani wakifyonza utomvu, na ukiwaachia hufuma nyuzi kama za buibui mpaka grinihausi nzima inakuwa na rangi ya vumbi. Mjomba aliwachukia kama mtu anavyomchukia ndugu aliyemdhulumu urithi. Alijua wanaanzia tuta gani na mwezi gani. Na katika miaka hiyo yote hakumruhusu mtu mwingine kulishika bomba, si kibarua, si mume wangu.

"Sumu ni sumu," alikuwa akisema. "Kama lazima awepo wa kuinusa, basi awe yule aliyeshaizoea."

Aliizoea mpaka akaanza kukohoa. Alipofikisha wiki sita za kikohozi, na vidole vikawa vinatetemeka akishika kikombe, mimi na Kamishna tulimpeleka zahanati. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwambia bila kuzunguka, "Mzee, ukipuliza msimu mwingine, mapafu haya hayatakufikisha mbali." Mjomba alimshukuru kwa adabu zote, akafunga vifungo vya shati. Tulipotoka nje akatuuliza, "Meno ya daktari mmeyaona? Mtu anayevuta sigara namna ile ataniambia nini mimi kuhusu mapafu?"

 Njia nzima Kamishna hakusema neno, na huyu ni mwanamke anayewasahihisha hata watu wanaosali. Tulipobaki wawili jikoni, aliweka mkoba juu ya meza, akaushika kama utakimbia.

"Ni kaka yangu mkubwa," alisema. "Baba alipofariki yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome. Mkubwa haambiwi acha. Nitaanzia wapi?"

 Nilimmiminia chai, akainywa yote bila kusema kwamba nimezidisha majani. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kamishna hawezi kusema jambo la moyoni, lakini anaweza kuitisha kikao. Wiki iliyofuata alituweka wote mbele ya meza ya bati, akafungua daftari, akatangaza kwamba soko limebadilika. Wanunuzi wa sasa wanataka maua yasiyo na sumu. Yuko mmoja mkubwa aliye tayari kuchukua kila ua tunalokata, mradi tupate cheti. Mkaguzi atakuja mwisho wa msimu. Kwa hiyo hatutapuliza tena. Tutaleta utitiri wa aina nyingine, wale wanaokula wenzao, wanauzwa ndani ya chupa pamoja na pumba. Wadudu hao aliwapa jina la askari. Aliongea nusu saa, kwa takwimu, bila kutaja kifua cha mtu.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mdogo wangu, kichwa cha biashara unacho, hilo halina ubishi. Nakupa msimu mmoja. Ukipata cheti, bomba halitashikwa tena hapa. Ukikosa, nalibeba kama kawaida, na sitaki kusikia neno."

Tukakubaliana. Mume wangu alidhani tunazungumza maua. Mjomba alidhani tunazungumza cheti. Mimi na Kamishna tulijua kilichowekwa mezani ni kifua cha Mjomba, na tulikuwa na msimu mmoja wa kukiokoa.

Kamishna alianza siku hiyo hiyo. Alikusanya dawa zote, glovu zote na barakoa zote, akazifungia stoo, ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Bomba lenyewe aliliacha limening'inia kwenye msumari chumba cha kupangia. Kulitupa, alisema, ni sawa na kumtupa Mjomba mwenyewe. Kisha akatafuta kazi za kumshughulisha. Mjomba akawa Msimamizi wa Maji. Cheo hicho maana yake ni kugonga matangi kwa kijiti kila asubuhi na kutangaza yamejaa kiasi gani, jambo ambalo kila tangi linalionyesha lenyewe kwa mpira wa pembeni unaopitisha mwanga. Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu wote. Majani na matawi tuliyopogoa yakaacha kuchomwa, yakawa mboji, na Mjomba akapandishwa cheo kuwa Msimamizi wa Maji na Mboji. Alitualika tumpongeze.

Sasa, askari walifanya kazi. Lazima niseme hivyo kwa sababu mimi sikuwaamini hata kidogo. Tulimwaga pumba juu ya majani, nikamwambia mume wangu tumekuwa watu wa kulisha mawaridi chakula cha kuku. Baada ya wiki tano, ukigeuza jani unakuta kukavu, kusafi. Kufikia mwezi wa tatu wa msimu hapakuwa na utitiri mwekundu hata mmoja katika grinihausi zote mbili. Kamishna alipita na lenzi yake ya mkononi akihesabu sifuri. Alitamba kwa siku mbili nzima.

Siku ya tatu alikuja kwangu amekunja uso. "Wanakufa," alisema.

"Nani, Mama?"

"Askari. Wamemaliza adui, hawana cha kula. Wakiisha, na utitiri wengine wakaingia na upepo kutoka mashamba ya watu, tumekwisha."

Basi Kamishna, mwanamke mwenye grinihausi safi kuliko zote za karibu, alichukua mfuko akaenda kwa jirani anayelima nyanya vibaya, akaomba majani yenye utitiri. Jirani alidhani anamcheka. Kamishna alirudi na mfuko ameuficha chini ya khanga. Nyuma ya chumba cha baridi alijenga kibanda cha wavu, akaotesha maharage kwenye mabeseni, akawaachia utitiri waongezeke humo. Kila baada ya siku chache alikata majani ya maharage yaliyojaa utitiri, akawapa askari wake aliowatenga kwenye beseni la pembeni, na askari walioshiba akawarudisha kwenye mawaridi. Kwa ufupi, tulikuwa tunafuga wadudu ili tupate cheti cha kutokuwa na wadudu. Sikumwambia hivyo. Nina watoto wa kulea.

Mjomba hakuambiwa. "Akijua nafuga utitiri atapata presha," Kamishna alisema. Mjomba alipouliza askari wanaishi kwa nini sasa, dada yake alimjibu bila kupepesa macho kwamba wanakunywa umande.

"Nimeona walinzi wengi maishani," Mjomba akaniambia baadaye, "lakini wanaoshiba umande, hapana."

Hivyo ndivyo tulivyoufikisha msimu mwisho. Siku moja kabla ya mkaguzi kuja, shamba zima lilikuwa kwenye usafi. Vibarua wanaosha njia, mume wangu anapaka rangi mlango usiofunga, Kamishna anakagua waliokwisha kagua. Mimi ndiye niliyempa Mjomba ufagio. Nilimwambia afagie pembeni ya chumba cha baridi, na kwa kutaka kuonekana najali kazi nikaongeza, "Mpaka nyuma, Mjomba." Kosa hilo ni langu, na hakuna aliyenilaumu, ila nami sijajisamehe.

Ilipita kama saa moja. Tulikuwa tunapanga maua mimi na Kamishna, akanyanyua kichwa katikati ya sentensi. Kwenye ukuta palikuwa na msumari mtupu. Halafu tukaisikia, kutoka grinihausi ya kwanza, ile sauti tuliyoisikia miaka yote na kwa msimu mzima hatukuwa tumeisikia: mpini unapanda, unashuka, maji yanatoka chii.

Sijawahi kumwona mama mkwe wangu akikimbia. Alikimbia.

Tulimkuta Mjomba amekaa juu ya kreti lililopinduliwa mwisho wa tuta la nne, bomba bado mgongoni, shati limelowa, uso umelowa. Alikuwa anahema kwa kuvuta, na alitabasamu alipomwona dada yake.

"Usiogope, mdogo wangu," alisema kwa vipande. "Nimewaona. Nyuma ya chumba cha baridi. Maelfu. Nikaelewa. Wamekushinda, ukanificha. Nimeanza na wale, nimewazamisha. Na huku nimepitisha matuta manne, kwa kinga tu. Kesho mkaguzi hatakuta hata mmoja."

Nilisubiri Kamishna alipuke. Msimu mzima ulikuwa umemwagwa mbele yake kwa lita kumi na sita.

"Ulivaa barakoa?" aliuliza.

"Barakoa si umezifungia stoo?"

Mkono wake ulikwenda shingoni, kwenye ule ufunguo, ukabaki hapo. Nimeuona uso wa Kamishna ukiwa na hasira ya kila namna, na ukiwa na msiba. Huo wa siku ile sikuwahi kuuona. Alikuwa anajichukia, wazi wazi, mbele ya vibarua.

Tulimvua bomba, tukamvua shati, tukammwagia maji na sabuni mara tatu huku analalamika kwamba maji ya tangi ni ya mawaridi. Mume wangu akamkimbiza zahanati. Yule daktari alimweka chini ya uangalizi mpaka alasiri, akamrudisha na vidonge na maneno makali. Dawa yenyewe aliitoa wapi? Alikuwa na chupa moja chini ya kitanda chake, aliificha tangu siku ya kile kikao, kama wazee wengine wanavyoficha konyagi.

"Lakini nilitumia ile isiyo na harufu," alijitetea kwenye gari. "Na kibandiko kinasema inaisha kwa wiki. Nikaona kwa jua hili, siku moja inatosha."

Alipolala kupumzika, sisi watatu tulikaa kwenye meza ya bati. Mume wangu ndiye aliyesema kile ambacho kila mtu alikuwa anakifikiria. "Mama, ni matuta manne tu. Mkaguzi anachukua majani kidogo apeleke maabara. Tumwanzishie grinihausi ya pili, tumchoshe na mboji na matangi. Hakuna atakayejua."

Kamishna hakusema ndiyo wala hapana. Nami nakiri nilitaka adanganye. Cheti kikipatikana, bomba lingeisha, na Mjomba angebaki na mapafu aliyonayo. Kikikosekana, Mjomba alikuwa ameshatoa neno lake, na si mtu wa kulirudisha. Nilidhani kwa ajili ya hilo hata Kamishna anaweza kufumba jicho moja.

Mkaguzi alifika saa tatu asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo, amebeba begi la vifuko vya plastiki na viatu vyake vya mpira mkononi, mtu wa kuvaa viatu vyake mwenyewe ili asilete uchafu wa watu. Hata salamu hazijaisha, Kamishna akasema, "Jana tumepuliza dawa. Grinihausi ya kwanza, matuta manne, na kibanda kimoja huko nyuma."

Mume wangu alifunga macho.

"Nani kapuliza?" mkaguzi aliuliza.

"Shamba ni langu. Andika mimi."

Nadhani hakuweza kufanya vinginevyo. Amekagua watu maisha yake yote, asingeweza kumlaghai mkaguzi mwenzake. Mkaguzi aliandika, akaomba aonyeshwe. Alipita kila mahali, alikuwa na kazi ya kufanya na aliifanya. Kule nyuma alichuchumaa mbele ya mabeseni ya maharage yaliyonyauka, akageuza jani, akatoa lenzi yake.

"Hiki kilikuwa chakula cha hao mnaowaita askari? Mlikuwa mnawazalishia wenyewe?"

"Ndiyo," Kamishna alisema.

"Mbona hamkuandika kwenye maombi? Hili peke yake lingewapa alama za juu kuliko shamba lolote nililoona mwaka huu."

"Niliona aibu."

Mkaguzi alimtazama sana. Alisema amesikitika, na alionekana amesikitika kweli. Ila sheria ni sheria. Tunaweza kuomba tena mwakani. Alikunywa chai yetu, akasifu mboji, akaenda zake.

Mjomba alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni mwa chumba cha kupangia. Hatukumwona alipoingia. Alikuwa amevaa shati safi, amechana nywele, kama mtu anayeitikia wito wa kazini. Alikwenda moja kwa moja ukutani, maana kibarua mmoja kwa wema wake alikuwa ameliosha bomba na kulirudisha kwenye msumari.

"Nimekuharibia," alisema. "Naomba radhi mbele ya wanao. Lakini tulikubaliana msimu mmoja, na cheti hakipo. Askari nimewaua mwenyewe. Utitiri watarudi kabla ya wiki tatu, na watarudi na hasira. Nipe ufunguo, kesho nachanganya dawa."

Akashika mkanda wa bomba. Kamishna akainuka, akasimama kati yake na ukuta. Ni mfupi, kichwa chake kinafika kwenye kifua cha kaka yake.

"Sitaki."

"Hutaki nini? Tulikubaliana."

"Sitaki ulibebe."

"Na cheti chako? Na yule mnunuzi?"

"Cheti kitu gani!" alifoka. "Mimi nilitaka cheti lini? Nilitaka uache kupuliza. Utakufa, kaka. Daktari alisema na mimi nimekaa pale pale, nimesikia, na tangu siku hiyo ukikohoa nahesabu. Acha utitiri waje. Wayale mawaridi yote, wale na plastiki, mimi nitalima vitunguu. Ukiondoka wewe nitamwita nani kaka?"

Hapo alilia, kwa sauti, bila kujifuta. Mume wangu aligeuka akatazama mlango alioupaka rangi. Mimi nilikuwa nimeanza kulia zamani.

Mjomba aliuachia mkanda polepole. "Msimu mzima?" aliuliza.

"Msimu mzima."

"Kile kikao? Takwimu? Wale wadudu wa kwenye chupa? Na mimi kugonga matangi?"

Kamishna akatikisa kichwa kukubali.

"Ungeniambia siku ile pale zahanati," Mjomba alisema. "Ningeacha siku ile ile. Mimi nimelibeba miaka yote hii nikidhani nisipolibeba mtashindwa. Hakuna hata siku moja mtu wa nyumba hii aliyeniambia niache."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumejifunza kufuga utitiri, kabla hatujajifunza kumwambia mzee wetu sentensi moja.

Kamishna alirudi kukaa. Maua ya mzigo wa mchana yalikuwa bado mezani, akavuta fungu akaanza kuhesabu mashina. Alifika kumi na moja, akapotea. Akaanza upya, akapotea tena pale pale. Mjomba akavuta kiti, akaketi karibu yake, akamhesabia.